Sura ya Tano: Gari la Ishirini

"Ulifungua gurudumu gani?"

"La mbele."

"La mbele lipi?"

Kijana akatazama ukutani, kama vile jibu limeandikwa pale. "La kulia."

"Spana namba ngapi?"

"Spana ya kawaida tu, afande."

Koplo, aliyekuwa anaandika pembeni, akainua kichwa. "Hiyo ya kawaida mimi sijawahi kuiona dukani," akasema.

Inspekta hakucheka. Watu wa stendi walimpachika jina la Mama Tarehe, maana mwanamke huyu hata umsalimie vipi, lazima akuulize ilikuwa lini na saa ngapi. Akafunga jalada lake, akavua miwani, akamwangalia kijana vizuri. Miaka ishirini na saba. Suruali haina mkanda, viatu havina kamba, macho mekundu ya mtu aliyelala sakafuni siku tatu. Jina lake la kazi lilikuwa Chomeka, kwa sababu barabarani hakuna upenyo aliouacha bila kuchomeka gari lake.

"Umesema ulimuua shemeji yako."

"Ndiyo."

"Kwa kuwa mligombana foleni ya zamu stendi."

"Watu walisikia. Nilimwambia ataniona."

"Walisikia, ndiyo. Kumi na mmoja wameniambia, na kila mmoja anajidai yeye ndiye alikuwa karibu zaidi." Akasimama. "Saa tisa leo unapelekwa mahakamani. Ukisema mbele ya hakimu haya unayoniambia mimi, hutoki tena. Unalijua hilo?"

"Najua."

"Na bado unasema la mbele kulia."

"La mbele kulia, afande."

Nje ya chumba Koplo akamnong'oneza, "Mkubwa, anadanganya."

"Anadanganya vibaya," akasema Mama Tarehe. "Ninachotaka kujua ni kwa nini. Saa ngapi sasa?"

"Tatu na robo."

"Twende yadi."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, dereva mmoja wa makamo alikuwa anashusha gari lake mlimani, safari ya kwanza, bado hajapakia mtu. Stendi nzima ilimwita Polepole. Eti hata baiskeli zilimpita na kumpigia kengele. Katikati ya mteremko breki zikakata. Chini kulikuwa na foleni ya abiria, watu kama arobaini hivi, na wanafunzi humo humo. Polepole akakata usukani akaupiga ukuta wa ghala la saruji. Foleni yote ilikwenda kazini na shuleni siku hiyo, na yeye akaenda chumba cha maiti. Mchana wake, kabla hata polisi hawajamshuku mtu, Chomeka, mdogo wa mke wa marehemu, akaingia kituoni kwa miguu yake akasema ni mimi.

Yadi ya polisi ilikuwa na matope. Gari namba kumi na nne lilikuwa limekaa juu ya matofali, uso umebonyea mpaka kwenye viti. Mkaguzi wa magari wa serikali alikuwa ameshafika, mzee mwembamba, koti jeupe, tochi mdomoni. Akatoka uvunguni akitema tochi.

"Mbele kuko salama kabisa," akasema. "Hakuna aliyegusa. Njoo nyuma kushoto uone."

Mama Tarehe akainama hadi magoti yakashika tope. Mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta kwenda gurudumuni, ulikuwa umepasuka kwa urefu kama mahindi ya kuchemsha. Ulikuwa mkavu, una nyufa, mzee wa miaka mingi.

"Umechoka huu," akasema.

"Wewe unasema umechoka. Huu umestaafu. Lakini tazama nati yake." Mkaguzi akamulika. Kwenye kutu ya nati kulikuwa na mikwaruzo miwili inayong'aa. "Spana imepita hapa wiki hii hii."

"Mtu kaweka mpira mbovu makusudi."

"Sasa sikia kinachoninyima usingizi." Mzee akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne. "Gari hili nililikagua mwenyewe Ijumaa. Soma. Mipira ya breki nyuma, mipya, yote miwili. Nikishapitisha kifaa nakipaka tone la rangi. Ijumaa nilitumia nyeupe. Unaona tone hapo?"

Hapakuwa na tone.

"Mpira wako wa Ijumaa uko wapi?"

"Hilo sasa ni swali lako, mama, mimi ni mtu wa spana." Akajifuta mikono polepole. "Nilimjua marehemu. Kila mwaka alikuja kwenye ukaguzi amevaa shati la pasi. Nikamwambia siku moja, nakagua gari, sikukagui wewe. Akasema, huwezi jua."

Kisha Mama Tarehe akauliza, "Jumatatu ulikagua gari lolote la ushirika wao?"

"Moja. Lilikuwa limebaki hilo tu. La Mwenyekiti."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi. Jumatatu natumia rangi ya njano."

"Chukua tochi yako," akasema Mama Tarehe.

Ofisi ya ushirika ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vipuri, ngazi ya chuma, feni inayozunguka na kulalamika. Ukutani waliining'iniza sheria mpya ya usafirishaji ndani ya fremu, kama picha ya harusi. Kwa sheria hiyo dereva mmoja mmoja haruhusiwi tena kubeba abiria. Lazima awe ndani ya ushirika, na ushirika hautapewa leseni ya njia mpaka uwe na magari ishirini yaliyopita ukaguzi. Ishirini. Wao walikuwa na ishirini kamili, hakuna hata moja la akiba. Likianguka moja ukaguzini, yote ishirini yanaegeshwa.

Mwenyekiti, dereva mstaafu mwenye tumbo na sauti ya mkutano wa hadhara, alisimama kuwapokea.

"Karibuni, karibuni. Msiba huu umetuvunja mgongo. Sisi hapa, afande, ni familia moja."

"Familia moja," akasema Mama Tarehe. "Mmoja wenu ana siku ya tatu selo. Nani kati yenu kampelekea hata chai?"

Mwenyekiti akakohoa. "Si amekiri mwenyewe?"

"Amekiri. Gari lako liko wapi?"

"Langu?"

"Lililopita ukaguzi Jumatatu saa mbili."

"Liko chini, gereji. Lakini lina zamu saa nne, abiria watasubiri..."

"Watasubiri."

Gereji ilikuwa nyuma ya duka, paa la mabati, sakafu nyeusi kwa oili ya miaka. Fundi wa ushirika, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa kuliko kimo chake, alikuwa ameketi juu ya tairi. Alipoona koti jeupe la Mkaguzi hakusalimia. Alisimama, akakaa tena.

Mkaguzi akaingia uvunguni. Wakasikia sauti yake tu.

"Mpira mpya. Tone la njano, la kwangu, Jumatatu." Kisha mlio wa kitu kikikwangua. "Ndani ya mtaro wa nati kuna nyeupe. Mtu kaifuta kwa petroli, haikutoka yote." Tochi ikahamia upande wa pili. "Mama Tarehe, hii ni mipira ya Polepole."

Mwenyekiti akasema, "Mipira ya aina moja ipo mingi sokoni."

"Yenye rangi yangu?" ikauliza sauti ya uvunguni.

Mama Tarehe hakumtazama Mwenyekiti. Alikwenda akachuchumaa mbele ya Fundi, macho kwa macho.

"Fundi. Uliifungua lini?"

"Nyamaza," akasema Mwenyekiti.

"Nimenyamaza siku tatu," akasema Fundi. Alikuwa anaongea na mikono yake. "Jumapili, saa sita mchana. Afande, huwa tunaazimana. Toka sheria ije tunaazimana. Gari likishapita, linatoa kifaa kizuri, linavaa kibovu cha mwenzake, linalala siku mbili. Mwenzake akipita, kifaa kinarudi kwa mwenyewe. Tairi, taa, breki, kila kitu. Bila hivyo ishirini hayatimii hata kwa maombi."

"Na dereva anajuaje gari lake limevaa kibovu?"

"Tunafunga kitambaa chekundu kwenye usukani. Kitambaa kikiwepo, hata baba yako akiwa mgonjwa, huliwashi gari. Ninakifunga mimi, ninakifungua mimi. Mwaka mzima hakuna aliyewahi kukosea."

"Polepole ulimwambia?"

"Alijua gari lake litaazimwa kifaa wiki hii. Siku hakuijua. Jumapili alikwenda kumwona mama yake hospitali, mji wa pili, simu haikupatikana. Nikasema, si kitambaa kitamwambia." Vidole vyake vikafunga fundo hewani. "Mlango wa dereva haufungi toka zamani. Nilifunga mafundo mawili, afande. Mawili. Sijui kwa nini aliliwasha. Polepole, mtu wa kusimama taa ya njano. Aliliwashaje?"

"Kwenye ajali hapakuwa na kitambaa," akasema Koplo.

"Basi kuna aliyekitoa."

Mama Tarehe akainuka. "Kawaida mnafanyia wapi kazi hii?"

"Hapa hapa gereji. Hii ilikuwa mara ya kwanza kufanyia nyumbani kwa mtu, kwa Polepole mwenyewe. Wiki ile hapa palijaa, hata pa kuweka jeki hapakuwepo."

"Wake zenu wanakijua kitambaa?"

Fundi akamtazama kama hajaelewa. Mwenyekiti ndiye aliyejibu, na sauti ya mkutano ilikuwa imemwisha.

"Tulikubaliana mambo ya stendi yaishie stendi. Mke akijua, jirani anajua. Jirani akijua, serikali inajua." Akamshika Mama Tarehe mkono, akauachia haraka. "Mama, ukiandika haya, kesho magari kumi na tisa yaliyobaki yanalala. Madereva wote na makondakta wao. Sheria iliandikwa na watu wanaotembelea magari mapya."

"Nitaliandika na hilo. Koplo, chukua maelezo yao wote wawili. Tarehe na saa."

Ilikuwa saa tano na nusu alipofika nyumbani kwa marehemu. Walizika jana. Mlangoni viatu vya wanawake vilikuwa bado vimejaa, na ndani mazungumzo yalikuwa yale ya chini chini, ya watu waliokwisha kulia na hawajaondoka. Mjane alikuwa uani, peke yake, anakunja nguo. Mwanamke mrefu, kanga imefungwa kichwani, mikono inakunja bila yeye kuitazama.

"Wananiambia nikae," akasema. "Nikikaa ndiyo naona. Karibu, dada. Kuna kiti pale."

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa." Akakunja kitambaa cha kiti cha gari, cha bluu, chenye lastiki pembeni. "Hivi vya gari. Kila Jumapili nafua. Hakupenda abiria akalie uchafu. Mtu gari linapiga kelele kama jiko la mkaa linalozimwa, lakini viti vinanukia sabuni." Akatabasamu kidogo, likamtoroka tabasamu. "Sasa nafulia nani, sijui. Vilianikwa toka Jumapili. Nimeona nivitoe tu."

"Jumapili hii pia ulifua?"

"Nilifua. Nilitoka sokoni saa nane, nikavitoa garini, nikafua, nikaanika. Viwili vilikuwa havijakauka, aliondoka bila hivyo."

Mama Tarehe akasema taratibu, "Ndani ya gari siku hiyo ulikuta kitu kingine chochote?"

"Kama nini?"

"Chochote."

Mjane akafikiri kwa uaminifu kabisa, kama mtu anayetaka kumsaidia mgeni. "Uchafu wake wa kawaida. Maganda ya njugu. Tambara lake la oili kalifunga kwenye usukani, jekundu, linanuka. Nikajua kasahau. Nikalifua pamoja na vingine." Akachambua rundo, akalitoa. Lilikuwa limekunjwa pembe nne, safi, rangi imeng'aa. "Hili hapa. Oili haikutoka yote."

Uani kuku alipita. Mlango wa jikoni ulifunguliwa na mtu, ukafungwa.

"Mumeo alirudi saa ngapi?" akauliza Mama Tarehe. Sauti yake haikubadilika.

"Saa mbili za usiku. Alichoka. Alikula akalala. Alfajiri nilimsikia anawasha gari, nikageuka upande wa pili." Akaliweka tambara juu ya rundo. "Mdogo wangu vipi, dada? Najua hamruhusu niseme naye. Wanamsema hapa ndani mbele yangu. Nimemlea yule toka ana miaka sita, mama yetu alipofariki. Nilimwogesha. Hawezi kuua mtu, anaogopa hata kumkimbiza panya. Jana tumezika, yeye hayupo, na aliyelibeba jeneza upande wake ni jirani."

"Jumatatu alikuja hapa?"

"Alikuwa wa kwanza. Alinishika nisianguke. Halafu akatoka hapa uani kunawa uso, nikamfuata. Nikamkuta amesimama kwenye kamba ya nguo. Amesimama tu. Nikamwita mara tatu. Akaniuliza, dada, umefua haya lini? Nikamwambia jana. Akaondoka, hakuaga." Akamtazama Mama Tarehe. "Saa moja baadaye nikaambiwa kajipeleka polisi. Mtu anauliza habari za kufua, kisha anakwenda kusema kaua. Hebu niambie wewe uliyesoma, kichwa chake kiko sawa?"

Mama Tarehe akalichukua tambara, akaomba aondoke nalo, akaandika karatasi ya kupokea: tarehe, saa, kitambaa kimoja, chekundu. Mjane akatia sahihi bila kusoma.

"La nini hilo, dada?"

"La jalada," akasema, na akatoka kwa haraka ambayo haikuwa kawaida yake.

Chomeka alikuwa ameegemea ukuta ndani ya selo. Alipoona Mama Tarehe ameingia bila Koplo na bila kalamu, akasimama.

"Nimetoka kwa dada yako," akasema Mama Tarehe.

Kijana akainua macho.

"Ulikiona kwenye kamba Jumatatu. Ukajua kwa nini Polepole aliliwasha gari."

"Umemwambia?"

"Sijamwambia."

Kijana akateleza ukutani taratibu mpaka akakaa sakafuni, mikono juu ya kichwa. Mama Tarehe alimsubiri. Kwenye korido mtu alikuwa anafagia, fagio likafika mlangoni, likarudi.

"Usimwambie," akasema Chomeka hatimaye. "Afande, nakuomba. Mimi sina mke, sina mtoto. Nikifungwa iko siku nitatoka. Yeye kwenye hili atatokea wapi?"

"Hakufanya kosa. Hakuna sheria inayomgusa. Alifua."

"Sheria." Alicheka, kicheko kibaya. "Mimi nazungumzia akiwa peke yake, beseni mbele yake."

"Fundi ameeleza. Mwenyekiti ameeleza. Mkaguzi ameona mipira yake kwenye gari la Mwenyekiti. Wao ndio watakaojibu, na kesi itasomwa mbele za watu. Dada yako atakaa benchi la mbele. Wakili wa Mwenyekiti ndiye atakayesimama kumuuliza: mama, kitambaa nani alikitoa?"

"Kiondoe kitambaa jaladani. Si mstari mmoja tu?"

"Ndio mstari unaokutoa wewe humu."

"Sitaki kutoka."

"Najua hutaki." Mama Tarehe akakaa naye sakafuni, na sketi yake ya kazi hivyo hivyo. Koplo aliyekuwa anakuja na kikombe cha chai akawaona, akarudi alikotoka. "Nikikuacha useme uliyoyasema, hakimu atakufunga, Mwenyekiti ataendelea kuazimana vipuri, na mlima bado uko pale. Na dada yako ataamka kila siku akijua mtoto aliyemlea ndiye aliyemuua mume wake. Hiyo ndiyo nafuu unayompa?"

"Atanichukia. Atanichukia mimi, lakini hatajichukia."

"Hajakuchukia. Leo hii anawabishia wanawake nyumba nzima."

Chomeka alifuta uso kwa mkono wa shati.

"Atajua tu, mwanangu," akasema Mama Tarehe. "Hilo mimi na wewe hatuliwezi. Kilichobaki ni atalisikia kwa nani."

Saa ya ukutani ya kituo ilikuwa inakaribia saa nane Chomeka aliposema, "Naomba mkanda wangu."

Karatasi za kumwachia zilichukua dakika arobaini. Alitia sahihi tatu: kufuta maelezo ya mwanzo, kutoa mapya, kupokea vitu vyake. Mkanda, kamba mbili za viatu, leseni ya udereva, kitana. Alifunga kamba za viatu kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayetaka kazi hiyo ichukue siku nzima. Koplo akajitolea kumpeleka na gari la polisi. Akakataa. Wakatembea, yeye na Mama Tarehe, mwendo wa dakika ishirini, wakipita stendi. Madereva walikuwa wamekaa kwenye ngazi za magari yao, ishirini toa moja, habari zimeshafika. Hakuna aliyemsalimia, na hakuna aliyeinua macho.

Mlangoni pa dada yake alisimama. Mama Tarehe akabaki nyuma, hatua tatu.

Aliyemwona kwanza ni jirani mmoja, akaita ndani. Mazungumzo yakakatika. Kisha mjane akatoka mbio, kanga imemdondokea begani, akamkamata mdogo wake uso kwa mikono yote miwili, akamgeuza huku na huku kama anayemkagua iwapo kapigwa.

"Nilijua," akasema. "Niliwaambia wote hawa. Niliwaambia si yeye." Alikuwa analia na kucheka. "Umekonda. Siku tatu tu umekonda hivi? Umekula? Jamani mleteeni chai, mwacheni apite, msimzonge."

Akamvuta ndani, akamketisha kwenye mkeka karibu yake, akamfuta vumbi begani. Wanawake wakasogea kuwapisha. Akamshika mkono akautia mapajani mwake, na kwa mara ya kwanza toka Jumatatu uso wake ukatulia.

"Haya," akasema. "Sasa niambie wewe, maana hawa wengine siwaamini. Ni nani aliyemuua mume wangu?"